Masika Wawili

Goma, Murara
8 Septemba 2025

Kavira,

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu unalia. Ukilia mimi ninanyamaza, nikinyamaza Papa anachukua simu, na mambo yanaishia hapo. Miaka mitatu sasa yanaishia hapo. Leo utanisoma mpaka mwisho bila kunikata maneno. Nasoro, yule dereva wa njia ya Rutshuru na Bunagana, atafika nayo Kampala na kukuwekea mukononi. Hajui kilicho ndani, usimusumbue kwa maswali.

Nataka diplome yangu.

Siyo kopi, siyo picha ya simu. Ile yenyewe, karatasi ngumu ya Eta, ya serikali, yenye jina Masika Victoire na soixante-deux pour cent, sitini na mbili kwa mia. Niliandika ule mutihani wa kumaliza sekondari binti yangu Miriam akiwa tumboni, nikitoka kila saa kwenda kutapika nyuma ya darasa. Papa akasema binti mwenye mimba, habari za chuo kikuu zimekwisha kwake. Sikubisha. Nikaifunga kwenye sashe ya plastiki, nikaiweka kwenye kasha langu chini ya vitenge, nikajiambia siku moja.

Wewe, Kavira Charline, ukaanguka mutihani huo mara mbili. Watu wanaanguka, na mimi dada yako mukubwa sikukucheka. Lakini nilikwenda Munigi wiki mbili kumuuguza shangazi, nikarudi nikakuta kasha limefunguliwa, diplome haimo, na wewe umeshavuka mpaka, una paspoti yenye jina langu na uso wako. Papa akaniambia ni ya miezi mitatu tu, ujiandikishe chuo huko Kampala, halafu itarudi. Miezi mitatu gani hiyo isiyokwisha?

Unajua kwamba tangu mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mujini, niko pale dispansari. Nilikwenda kusaidia siku mbili, nimebaki mpaka leo. Ninafunga vidonda, ninapima joto, ninawashika watu wakati wanashonwa. Daktari Buhendwa ameniambia mikono ninayo, kilichobaki ni shule. Institut moja ya wauguzi imenikubali. Wanafunga kuandikisha tarehe 31 Oktoba, na wanataka diplome yenyewe mezani.

Nasoro anarudi Goma tarehe 18. Mupe.

Yaya yako,
Victoire


Kampala, Kikoni
17 Septemba 2025

Yaya Victoire,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru.

Unaandika kama vile mimi niko hapa ninakunywa chai na maziwa. Acha nikuambie ninavyoishi, maana hujawahi kuniuliza. Tunalala watatu kwenye chumba kimoja cha hosteli, mimi, Ramla wa Bunia na musichana mwingine anayekoroma. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni ya bafu na ndoo yangu. Saa mbili niko darasani, mwalimu anakimbiza Kiingereza chake, na mimi nilisoma kwa Kifaransa maisha yangu yote. Mwaka wa kwanza niliandika kwa masikio tu. Neno nililisikia vipi, ndivyo nililiandika, na jioni tunakaa na Ramla kutafuta lilikuwa neno gani. Siku sita kwa wiki ninakula posho, ugali wao wa huku, na maharage. Wakijua nimetoka Congo wananiambia nicheze muziki. Hakuna anayeuliza kama nimewahi kusoma kitu. Na mambo haya ya maji ninayosomea, kuyasafisha na kuyagawa mujini, nimeyashika, yaya. Sasa wao ndio wanaokuja kunakili kwangu.

Na siku zote hizo mimi ni wewe. Tarehe 14 Mei wananiimbia siku yako ya kuzaliwa, nazima mishumaa yako, nakula keki yako. Siku yangu ya kweli ninakwenda darasani kama kawaida na hakuna anayejua. Mara ya kwanza mwalimu alipoita Masika, niligeuka nyuma kumuangalia anayeitwa. Unafikiri ni tamu?

Diplome siwezi kukupa. Desemba wanakagua karatasi za asili za wote wanaomaliza. Nikifika mikono mitupu wananitoa kwenye orodha, na miaka mitatu inakuwa bure. Ngoja Januari. Institut yako itafungua tena mwaka ujao. Mimi mwaka ujao sina.

Na kuna kitu kimeniuma zaidi ya yote. Wewe ulinipa. Papa aliniletea hiyo diplome imefungwa ndani ya kitenge chako cha njano, akasema: "Yaya yako amesema chukua, yeye mambo ya shule amemaliza." Nililala na kile kitenge wiki nzima. Leo unaniita mwizi kwa zawadi yako mwenyewe.

Mudogo wako,
Charline


Goma, Murara
29 Septemba 2025

Kavira,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, mboga ya sombe ikaungua mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mimi nilikupa? Kwa mudomo upi?

Papa alikuwa sebuleni na wageni wawili waliotoka Butembo. Sikungoja waondoke. Nikamuuliza mbele yao: "Papa, kitenge changu cha njano nilimupa Kavira lini?" Akaangalia kikombe chake. Wageni nao wakaangalia vikombe vyao. Mwishowe akasema: "Mumeishi kwa amani miaka mitatu kwa sababu ya neno moja tu. Sasa unataka nini?" Neno moja tu. Mama akaanza kuondoa vikombe kabla watu hawajamaliza kunywa.

Kwa hiyo wewe ulipewa maneno ambayo sikuyasema, na mimi nilipewa miezi mitatu. Kila mutu na uongo wake, na yule aliyeugawa amekaa katikati anaita hiyo amani. Nimemukasirikia mpaka sili naye. Sahani yake ninaipeleka, kiti changu ninakitoa nje.

Sawa, hukujua. Miaka mitatu ya kutojua nimekusamehe, na sitairudia. Lakini sasa unajua. Kuanzia leo kila siku unayokaa na diplome yangu, unakaa nayo kwa akili zako timamu.

Unasema ningoje mwaka ujao. Nimengoja miaka tisa. Miriam anaingia mwaka wa nne wa shule, juzi ameniuliza mimi nilifika mwaka wa ngapi. Nimemuambia nilimaliza. Akasema, "Onyesha." Nimuonyeshe nini, Kavira?

Isipofika tarehe 20 Oktoba, nitakiandikia chuo chako mimi mwenyewe. Anwani ninayo, iko kwenye karatasi ulizotuma kumufurahisha Papa.

Victoire


Kampala, Kikoni
8 Oktoba 2025

Yaya,

Usikiandikie chuo. Ninakuomba, na nimekasirika, vyote viwili kwa pamoja.

Kuna jambo sikukuambia. Kwenye ofisi ya karatasi za wanafunzi yuko muzee mumoja, Kambere, Mukonzo wa Kasese. Mwezi wa nane nilikwenda kuulizia ukaguzi. Akaona Masika kwenye kadi yangu, uso ukafunguka, akanisalimia, "Wabukire." Yaya, miaka mitatu sijasikia salamu ya nyumbani kutoka kwa mutu wa umri wa Papa. Nikalegea kabisa. Akauliza habari za Goma, nikasema wote wazima, yaya yangu yuko dispansari, anafunga watu vidonda, hajasomea lakini madaktari wanamuita yeye. Nilikuwa ninajivunia wewe, ndivyo nilivyokuwa ninafanya pale.

Akaweka kalamu chini. "Wewe ni Masika," akasema. "Masika ni binti wa kwanza. Yaya umemupata wapi?"

Kampala nzima hakuna mwingine ambaye angeona kitu. Ni sisi tu, Wanande wa Congo na ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, tunaojua binti wa ngapi kwa kusikia jina lake. Masika wa kwanza, Kavira wa pili, mutoto wa shule ya chekechea anajua hilo. Na mimi nimeulinda uongo huu miaka mitatu mbele ya maprofesa na watu wa uhamiaji, nikauangusha kwa salamu moja.

Nikadanganya haraka. Nikasema ni binti ya baba mukubwa, sisi kwetu tunaita yaya. Akanitazama sana. Akasema sawa, inawezekana, basi kabla ya ukaguzi nimuletee barua ya huyo ndugu yangu, aseme mwenyewe yeye ni nani.

Niandikie hiyo barua. Sema wewe unaitwa Kavira Charline, binti ya ndugu mukubwa wa Papa Adalbert. Mistari mitano na sahihi, basi. Januari nikimaliza, kila mutu anarudi kwenye jina lake na diplome ninakuletea mwenyewe.

Usiseme kwamba ninaomba vikubwa. Ile karatasi ilikaa kwenye kasha lako miaka sita. Papa alisema hapana, na wewe ukakaa. Mimi ningegombana naye.

Charline


Goma, Murara
16 Oktoba 2025

Kavira,

Nimengoja siku mbili kabla ya kukujibu. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa matusi matupu, nikaitia kwenye moto wa makala, kwa sababu Miriam anasoma kila kitu anachokikuta mezani.

Umechukua karatasi. Umechukua jina na siku ya kuzaliwa. Sasa unataka niweke sahihi kwamba nimezaliwa wa pili, tena kwa baba mwingine. Mama alipiga kelele siku nzima kule Butembo ili mimi nitoke, wa kwanza, kabla ya mutu yeyote kumuita mama. Nimuambie nini? Kwamba hakunizaa, kwa sababu wewe una ukaguzi Desemba?

Na hilo la kwamba Papa alisema hapana nikakaa. Nilikaa, ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mutoto mugongoni. Wewe ulikuwa na kumi na nne, unakula kwenye sahani niliyoosha, unavaa uniforme niliyopiga pasi, unakwenda shule ambayo mimi nilikuwa nimekatazwa kuipita hata mbele. Ungegombana naye? Gombana naye basi. Simu anayo, namba unayo. Miaka mitatu sijasikia umegombana na Papa hata kuhusu hali ya hewa.

Nimekasirika, Kavira. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo.

Nimemuandikia huyo Muzee Kambere. Barua iko ndani ya hii, sikuifunga. Isome, halafu umupe kwa mukono wako. Usipomupa, nitatuma nyingine kwa mutu mwingine.

Victoire

*

Muzee Kambere,

Mimi ndiye Masika Victoire, binti wa kwanza wa Adalbert, ninaishi Goma. Diplome iliyoandikwa kwenye faili yenu ni yangu, na sikuitoa kwa mutu. Musichana munayemuita Masika ni mudogo wangu, Kavira Charline. Baba yetu ndiye aliyefanya hivyo, mukitaka kuadhibu anzeni kwake.

Karatasi siyo yake. Lakini darasa alilokaa kwenu miaka mitatu ni lake. Mitihani aliyofaulu ameifaulu yeye, kwa lugha aliyoikuta huko huko. Mimi mukiniuliza hayo mambo ya maji sitajibu hata swali moja. Naomba nirudishiwe changu bila kumunyang'anya chake. Sijui kama sheria yenu inaruhusu. Muwaulize wakubwa wenu.

Masika Victoire


Kampala
24 Oktoba 2025

Yaya,

Barua yako kwa Kambere nimeisoma kwenye ngazi za ofisi yake. Nimeisoma mara tatu. Halafu nimeichana.

Usifikiri nilimuogopa Kambere. Niliona aibu, nikaikasirikia aibu yenyewe, nikakukasirikia na wewe kwa kuniandikia vizuri. Ungenitukana mbele yake ningejua la kufanya. Mimi nilikuomba ujifute, wewe ukakaa ukaandika kwamba darasa ni langu. Unataka mutu asimame wapi baada ya hapo?

Diplome iko kwenye bahasha hii. Nasoro ameahidi haitatoka kifuani kwake. Itakufikia kabla ya tarehe 31. Jiandikishe, uvae ile blauzi yako nyeupe, umuonyeshe Miriam.

Mimi nimeacha chuo. Sikumuaga mutu. Nimerudisha ufunguo wa hosteli, ninakaa kwa shangazi ya Ramla, nasuka nywele kwenye saluni yake. Waliponiuliza jina nikasema Kavira, na hakuna aliyetaka kadi. Papa nilimupigia simu. Alianza kuniambia nitulie, nikamuambia ameuza binti wawili kwa uongo mumoja, nikakata. Kwa hiyo usiseme tena sijawahi.

Usinitafute.

Kavira Charline


Goma, Murara
2 Novemba 2025

Kavira,

Nasoro alifika Alhamisi. Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa kwenye mulango wa institut, wa nne kwenye foleni. Sekretera, Mama Nshobole, akaichukua diplome, akasoma mbele, akatikisa kichwa vizuri. Halafu akaigeuza. Nyuma kuna muhuri mwekundu wa chuo chako: imepokelewa, 2022. Mimi sikuwa nimeigeuza upande huo. Usiku mzima nilikaa nikisoma jina langu tu.

Akaniuliza, "Mama, ulisoma Kampala?"

Nikasema hapana.

"Basi nani alisoma?"

Watu wa foleni wakasogea ili wasikie. Mama Nshobole siyo mutu mbaya, alinivuta pembeni. Lakini hawanipokei. Wanataka barua ya chuo kile, ieleze mwanafunzi Masika Victoire alifanya nini kwao na aliondoka namna gani. Saa tisa walifunga orodha. Mwaka umekwenda.

Nimetembea kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu, na hasira yote niliyokuwa nayo. Nilimukasirikia sekretera, nikamukasirikia aliyegonga muhuri, Papa nilimukasirikia njia nzima. Nilipofika Murara nikaona kwamba aliyenikasirisha kuliko wote ni wewe, na siyo kwa ajili ya muhuri.

Nani alikuambia uache? Nilikuomba karatasi moja. Sikukuomba miaka yako mitatu. Niliandika kwa mukono wangu kwamba darasa ni lako, na wewe ukaichana barua kwenye ngazi ukaenda kusuka nywele. Ulifikiri hivyo ndivyo mutu anavyolipa? Mimi nimepoteza mwaka, wewe umepoteza yote, na Papa hajapoteza hata kiti chake. Tena ameanza kuwaambia wageni kwamba wewe uko kwenye stage, mafunzo ya kazi. Uongo mwingine huo, na safari hii ni sisi tumemupa nafasi.

Mimi sikubali.

Paspoti yenye jina langu iko kwako, kwa hiyo nitavuka Bunagana na karatasi ya mpaka. Jumamosi ninapanda basi, Miriam anabaki na Mama. Jumatatu tarehe 10, saa tatu asubuhi, nitakuwa mbele ya ofisi ya Muzee Kambere na diplome mukononi, na nitamuambia mimi ni nani. Wewe utakuja umuambie wewe ni nani. Wakitaka kukufukuza, wakufukuze nikiwa nimesimama pale. Wanionyeshe mutihani mumoja tu ambao mimi niliwafanyia. Wakitaka kuandika jina la kweli kwenye kazi yako, watahitaji kumuona Masika muzima kwa macho yao, na yuko mumoja tu.

Inawezekana watukatalie wote wawili. Hilo nimeliwaza, nimelala nalo, na bado ninakuja.

Usinipikie. Usije kunipokea gare ya mabasi. Sitakusalimia vizuri, nina maneno ya miaka mitatu na utayasikia yote, barabarani, mbele ya watu, mpaka uchoke. Lakini saa tatu usikose.

Masika Victoire


Kampala
Jumatatu, 10 Novemba 2025, saa moja asubuhi

Muzee Kambere,

Askari wa getini amekubali kukuwekea karatasi hii mezani kabla hujafika.

Mwezi wa nane nilikudanganya. Sina baba mukubwa mwenye binti. Ninaitwa Kavira Charline, binti wa pili wa Adalbert wa Goma. Yaya niliyekuambia ni Masika mwenyewe, tumbo moja. Jina lililo kwenye faili ni lake, maksi ni zangu. Kuna barua yake ambayo nilitakiwa kukupa nikaichana, hilo pia ni kosa langu.

Yuko njiani kuja kwako. Basi lake limeingia jana jioni, nilimuona kwa mbali pale gare akiuliza njia, sikuwa na ujasiri wa kumukaribia. Amekasirika na ana haki.

Mimi niko nje kwenye ngazi. Ukifungua ofisi, ninakuomba kitu kimoja tu, umuite yeye kwanza.

Kavira Charline